Hapana Mbili za Mama Signe

Kesi ya meza ya Mwalimu Lindquist ilianza Jumanne, saa tatu na robo asubuhi, na ushahidi wote ulikuwa mfukoni mwa mshtakiwa: skrubu kumi na moja, safi, zimefungwa ndani ya soksi. Mshtakiwa aliitwa Signe Haugdahl, umri miaka minane, darasa la pili, Shule ya Msingi ya Nordby, Minnesota. Kwa siku nne, kila alipoinuka kwenda kuchonga penseli, alipiga magoti kufunga kamba za viatu karibu na meza ya mwalimu, na kwa kutumia ukingo wa sarafu akafungua skrubu moja, au mbili kama bahati ilikuwa njema. Meza haikuanguka hapo hapo. Ilisubiri kwa heshima mpaka mwalimu alipoiegemea akiwa katikati ya somo la utulivu.

"Nani amekutuma?" Mwalimu Lindquist aliuliza, akiwa bado sakafuni.

"Hakuna," Signe alijibu. "Nilitaka kujua inaweza kusimama na ngapi."

Ukutani mwa darasa lile kulikuwa na ubao wa rangi tatu, kijani, njano na nyekundu, na kila mtoto alikuwa na kibanio cha nguo chenye jina lake. Waliotulia walining'inia kwenye kijani. Waliochokoza walishushwa njano. Kibanio cha Signe kilikuwa kimekaa nyekundu muda mrefu hata mgeni angedhani ndiko kilikozaliwa.

Simu ilimkuta mama yake, Berit, kazini kwenye makao ya wazee, akimlisha uji Mzee Ostby, mtu wa miaka tisini na moja.

"Shule?" mzee aliuliza.

"Shule."

"Leo kafanya nini?"

"Kafungua meza ya mwalimu."

Mzee Ostby, aliyekuwa seremala enzi zake, alimeza uji wake taratibu. "Yote?"

"Yote."

"Ana mkono mzuri huyo."

Berit alicheka. Alicheka akipita sebuleni, akacheka ukumbini, akafika kwenye chumba cha mashuka akiwa bado anacheka, akafunga mlango, akachukua taulo safi na kulia ndani yake mpaka likalowa. Kisha akalitupa kwenye kapu la kufuliwa na kurudi kumalizia uji.

Mumewe, Dale, aliendesha gari la wilaya la kukwangua theluji. Alikuwa mtu mpole, mwenye maneno machache, na mengi kati ya hayo yalikuwa ni yale yale.

"Atakua tu," alisema jioni ile mezani. "Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo."

"Na shule uliimalizaje, Dale?"

Dale alifikiri. "Kwa mlango wa nyuma," alikiri.

Walikuwa wameshampeleka kwa daktari, mjini Fargo, baada ya kusubiri miezi minane kupata siku. Daktari alikaa na Signe saa mbili. Katika saa hizo Signe alimweleza habari za popo, akakizungusha kiti cha daktari mpaka kikashuka hadi chini na kukataa kupanda, akalia kwa sababu ya popo mmoja aliyekufa mwaka juzi, akalala sekunde kumi, akaamka na kuuliza kama wanaweza kuja tena kesho. Daktari aliandika ADHD na kuwaeleza wazazi kwamba hiyo ni akili yenye injini kubwa na breki ndogo, na kwamba hakuna aliyekosea. Berit aliyaandika maneno hayo ya mwisho nyuma ya risiti ya mafuta, akaiweka ndani ya pochi.

Dawa zilisaidia. Zilimpa Signe asubuhi zenye mstari ulionyooka zaidi, zikamnyang'anya hamu ya kula, na ilipofika alasiri zikamwachilia kama mtu anayeachia kamba ya mbwa.

"Dawa ni nusu," daktari alikuwa ameonya. "Nusu nyingine ni mtu. Apate mtu mmoja wa kukaa naye darasani, amkumbushe, amtoe nje akimbie kabla hajalipuka. Ombeni shule."

Berit akaomba. Aliomba kwa barua nzuri, zenye shukrani mwanzoni na samahani mwishoni, hata ombi lenyewe likapotea katikati. Mwalimu mkuu, Bwana Tollefson, alijibu kila barua kwamba wataangalia. Waliangalia kwa mwaka mmoja na nusu. Baada ya meza kuanguka waliacha kuangalia, na Bwana Tollefson akapiga simu mwenyewe kusema kwamba kama hatapatikana msaidizi kufikia Pasaka, Signe atakuwa anasoma mpaka saa tano asubuhi, kisha anarudi nyumbani. Kwa faida yake mwenyewe, alisema.

Jambo ambalo hakuna mtu mzima shuleni pale angeliamini ni kwamba Signe aliipenda shule. Hakupenda asubuhi, wala madawati, wala ubao wa rangi tatu. Alipenda kilichokuja baada ya saa tano: chakula, na baada ya chakula uwanja. Uwanjani hakuna aliyemwambia akae. Uwanjani yeye ndiye aliyeanzisha mchezo wa popo, ndiye aliyejua lango la pango chini ya ngazi za kuteleza, ndiye aliyewapa popo wake watu wa kuwaogopa, na watoto ishirini na wawili walimfuata wakipiga kelele. Kila jioni Berit alisikia habari za uwanja tu, kama vile asubuhi haikuwepo. Nusu siku ilikuwa na maana kwamba shule ingechukua saa zote ambazo Signe alikuwa mtu, na kumwachia zile ambazo alikuwa tatizo.

Basi Machi zikaja habari njema. Wilaya ilikuwa imeajiri mtaalamu mpya wa watoto wa aina hii, Bi Pellicano, kutoka New Jersey, naye alikuwa amesoma barua zote za Berit kwa siku moja na kuitisha kikao Alhamisi.

Jumamosi kabla ya kikao walikwenda kwa mama yake Dale, Arlys, bibi mwenye nyumba iliyonukia siagi na sabuni.

"Kahawa, Berit?"

"Hapana, Mama, asante, nimeshakunywa."

"Kikombe kidogo?"

"Usijisumbue, Mama, kweli."

"Mbona ipo tayari jikoni."

"Haya, basi nusu tu."

Arlys akamjazia mpaka ukingoni. Kwa miaka kumi na moja hawakuwahi kunywa kahawa kwa njia nyingine. Hata siku Dale alipomwomba Berit uchumba, Berit alisema asijisumbue, na Dale, aliyelelewa vizuri, alijua amebakiza kuuliza mara mbili.

"Sasa huko Alhamisi," Arlys alisema, akikata keki ya sinia vipande vya mraba, "usiende kudai kama watu wa mijini. Watu wakikuona una njaa wanakuogopa."

"Sidai, Mama. Nataka tu wamsaidie."

"Kutaka utake. Lakini usioneshe meno." Alimpa Signe kipande, na Signe, ambaye hakuwa na ukoo na adabu hizo, alisema "Naomba viwili!" akapewa viwili, na bibi yake akamtazama kwa upendo na aibu, kama mtu anayemtazama jamaa kutoka nje ya nchi.

Alhamisi wakakutana watu watano katika chumba cha vitabu, kwenye viti vya watoto, magoti yakiwa karibu na masikio: Bwana Tollefson, Mwalimu Lindquist, Bi Pellicano, Berit na Dale. Bi Pellicano alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kujaza uwanja wa ndege. Hakuanza na hali ya hewa. Wote wanne walisubiri aanze na hali ya hewa, kisha wakaelewa kwamba haiji.

"Nimesoma kila kitu," alisema. "Mtoto wenu ana akili kali na mnamchosha bure, samahani, shule inamchosha bure. Ninyi mmefanya mlichoweza. Anahitaji mtu. Na mimi ninaye mtu. Mmoja tu. Bi Jolene, amefanya kazi hii miaka kumi na tano, anaweza kuanza Jumatatu, siku nzima, kila siku. Mnamtaka?"

Moyo wa Berit ulisimama wima kifuani. Mwaka na nusu, barua tisa, na sasa mtu ana jina. Alimwona Bi Jolene huyo bila kumjua, akiwa amechuchumaa karibu na dawati, mkono wake begani mwa Signe. Akafungua kinywa, na kinywa, ambacho kilikuwa na mafunzo ya vizazi vitano, kikasema:

"Ah, hapana, jamani. Msijisumbue sana kwa ajili yetu."

Bi Pellicano alimtazama. "Hapana?"

"Ni kazi kubwa mno kwenu. Na bila shaka wako watoto wengine wenye shida kuliko Signe."

"Una uhakika, Bi Haugdahl?"

"Tutajikongoja tu," Berit alisema, kwa sauti ya chini kidogo, ile sauti ambayo mtu yeyote wa Nordby angeitambua kama mlango uliorudishwa bila kufungwa komeo. Kisha akakunja mikono mapajani na kungoja aulizwe mara ya tatu.

Dale alikuwa anazungusha kofia yake. Mwalimu Lindquist alijua kwamba hiyo haikuwa hapana. Alikuwa mtoto wa mji huu, na aliinua uso kutoka kwenye kikombe chake, akamtazama Bi Pellicano, akafungua midomo. Lakini kuingilia maneno ya watu wawili wakiwa katikati ni utovu wa adabu, kwa hiyo akakohoa, akatazama tena ndani ya kahawa. Bwana Tollefson alitazama dirishani, ambako, kwa bahati, ilikuwapo hali ya hewa.

Bi Pellicano aliandika mistari miwili. "Sawa," alisema, na uso wake ulikuwa na huzuni halisi. "Mzazi ndiye anayemjua mtoto. Naheshimu hilo." Akasukuma karatasi mezani. "Hii ni kumbukumbu ya kikao. Saini hapa chini."

Kuisoma karatasi mbele ya aliyeiandika ni kama kuhesabu chenji mbele ya mchungaji. Berit alisaini. Dale alisaini chini yake. Walishukuru kila mtu mara mbili, wakarudisha viti mahali pake.

"Imekwenda vizuri," Dale alisema ndani ya gari.

"Unaona? Tena ni mtu mwema."

"Atapiga simu Jumatatu."

"Au Jumanne. Hawezi kuonekana ana haraka."

Jumatatu simu haikulia. Jumanne ililia, lakini ilikuwa Arlys. Berit alianza kuibeba simu bafuni. Alipanga maneno ya kukubali, yasiwe na pupa: haya basi, kama kweli haitawasumbua. Aliyafanyia mazoezi mbele ya Mzee Ostby.

"Ungesema ndiyo tu," mzee alishauri.

"Nitasema. Akiuliza."

Juma la pili ikaja barua. Ilikuwa fupi. Ilisema kwamba, kama wazazi walivyoamua wenyewe katika kikao, na kama saini zao zinavyothibitisha, msaada umekataliwa, na nafasi imepewa mtoto mwingine. Na kwamba kwa kuwa hakuna msaidizi, ratiba ya nusu siku itaanza Jumatatu baada ya Pasaka.

Berit aliisoma akiwa amesimama karibu na kisanduku cha barua, theluji ikiingia viatuni. Aliisoma tena neno "umekataliwa", akimtafuta huyo aliyekataa. Kisha, bila kuvaa kofia, bila kupiga simu kwanza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake, aliendesha gari mpaka shuleni na kuufungua mlango wa Bi Pellicano bila kubisha.

"Namtaka," alisema. "Namtaka Bi Jolene. Nilimtaka tangu siku ile."

Bi Pellicano aliinuka polepole. "Bi Haugdahl. Nilikuuliza."

"Uliuliza."

"Ukasema hapana."

"Nilisema hapana mara mbili tu!"

Walitazamana. Mmoja alikuwa amesema jambo lililo wazi kama mchana, na mwenzake alikuwa anatafuta mchana huo uko wapi.

"Sielewi," Bi Pellicano alisema.

"Hukuuliza tena."

"Nikuulize mara ngapi, mama? Kwetu mtu akikataa mara moja, ukimuuliza ya pili umeshamkosea. Nilikotoka wazazi walikuwa wanasema hapana na sisi tunawaburuza, tunawaambia hamjui kitu. Niliapa nikija hapa sitamburuza mzazi yeyote. Nilikuheshimu!" Sauti yake ilipasuka mwishoni. "Niliumia siku ile. Nilikwenda nyumbani nimeumia."

"Mchukue basi. Andika upya."

"Ameshaanza kazi kwa mtoto mwingine."

"Nipe nusu yake."

"Berit."

"Nipe asubuhi tu. Nipe saa moja. Nipe saa ya chakula." Aliomba bila samahani mwanzoni wala mwishoni, aliomba akionesha meno yote, na ilikuwa rahisi kuliko alivyofikiri, ulimi haukukatika, dari haikuanguka. Ilikuwa imechelewa juma moja na siku nne.

"Nafasi nyingine itafunguliwa Septemba," Bi Pellicano alisema. "Nimeshaandika jina lake, liwe la kwanza kabisa kwenye orodha, wala sitakuuliza. Na nusu siku nimeipinga, Mungu anajua. Nimeambiwa mimi ni mgeni. Nitaendelea kuipinga. Lakini Bi Jolene siwezi kumnyang'anya mtoto yule."

Akitoka, Berit aliwaona ukumbini. Mwanamke mwenye mvi alikuwa amepiga magoti sakafuni, akimsaidia mtoto wa chekechea kuvaa buti, na mtoto alikuwa analia na kupiga teke, na mwanamke alikuwa anasubiri tu, teke hadi teke, bila haraka, kama mtu aliyekaa kando ya maji. Berit alisimama akatazama mpaka buti la pili lilipoingia. Hakuweza kumchukia mtoto yule. Alijaribu kidogo, kwa uaminifu, na hakuweza.

Jumatatu baada ya Pasaka alifika shuleni saa tano kasoro dakika tano. Alikuwa ameomba zamu za jioni. Kuanzia sasa yeye na Dale wangekuwa wanapishana mlangoni na kupeana mtoto kama kijiti. Signe alikuwa kwenye benchi nje ya ofisi, koti limefungwa mpaka kidevuni, mikono imekaliwa chini ya mapaja.

"Yuko hivyo tangu asubuhi," karani alinong'ona. "Hata darasani, anasema Mwalimu Lindquist. Hajawahi kumwona hivi."

"Mama, nimekaa," Signe alisema bila kugeuza shingo, kama aliyebeba ndoo ya maji kichwani. "Sijainuka hata mara moja. Nilitaka kuinuka mara elfu moja na sikuinuka. Muulize mwalimu."

"Nakuamini."

"Sijagusa kitu cha mtu. Wala sijaongea habari za popo."

"Nakuamini, mwanangu."

"Kwa hiyo nabaki?"

Karani alianza kutafuta kitu ndani ya droo ambacho hakikuwemo.

Berit alichuchumaa. Mikono ya Signe, alipoichomoa, ilikuwa na alama nyekundu za mbao za benchi. "Leo tunaenda nyumbani," alisema.

"Lakini nimekaa!"

"Umekaa vizuri sana. Si wewe uliyekosea. Walitaka kukupa mtu wa kukaa nawe, na mimi nikajibu vibaya."

Signe alilifikiria jambo hilo. Yeye alikuwa amejibu vibaya maisha yake yote, na alijua kuna utaratibu.

"Kaombe msamaha basi. Mimi nikiomba msamaha huwa wananirudisha."

"Nimeomba."

"Wakasemaje?"

"Septemba."

Walitoka mpaka kwenye gari. Kengele ya chakula ililia wakiwa wanafunga mikanda, na kupitia madirisha marefu ya ukumbi waliwaona darasa la pili wakipita kwenye mstari, wakisukumana, mmoja akitembea kinyumenyume. Berit alimpa Signe mkate wenye jibini, na Signe akaushika bila kuuma. Alikuwa anahesabu kwa vidole vya mkono mwingine.

"Mei," alisema. "Juni. Julai. Agosti." Akasita, akaanza tena, safari hii akiihesabu na Aprili iliyobaki, labda miezi ingepungua ikihesabiwa upya.

Berit alikuwa ameweka ufunguo mahali pake na hakuugeuza. Nje watoto walikuwa wanaanza kutoka, na yule wa kwanza alikimbia moja kwa moja mpaka chini ya ngazi za kuteleza, akasimama pale, akaangalia huku na huku, hajui mchezo unaanzaje.